Mabega Mawili ya Wifi Yangu

Siku wifi yangu alipokwama ndani ya gauni, mimi ndiye niliyeitwa kumtoa. Nilikuwa barazani kwenye cherehani, napunguza suruali ya mteja, nikasikia sauti kutoka chumbani kwao kama ya mtu anayeongea akiwa ndani ya gunia.

"Wifi, njoo mara moja. Na usicheke."

Nilicheka, siwezi kudanganya. Gauni lilikuwa limempita kichwani nusu, mkono wa kushoto umechomoza juu unapunga hewa, wa kulia umebanwa ubavuni, na uso hauonekani. Nikadhani gauni limepungua kwa kufuliwa. Lakini nilipoushika ule mkono wa kulia niuingize, alipiga kite kikanikata kicheko palepale. Nikachukua mkasi, nikalikata gauni mgongoni kutoka juu hadi chini, nikamtoa kama mtu anavyomenya ndizi.

"Bega limefanya nini?" nikamuuliza.

"Nimelilalia vibaya."

"Lini?"

Akafikiri kidogo. "Kama miezi minane hivi."

Wifi yangu ni mke wa kaka yangu. Tunaishi nyumba moja, wao vyumba vya mbele, mimi cha nyuma, na baraza ndiyo karakana yangu ya ushonaji. Ana miaka hamsini na miwili, na kumi na tisa kati ya hiyo ameimalizia kwenye kiwanda cha dobi kinachofua mashuka ya hospitali na vitambaa vya meza vya mahoteli. Kule wanamwita Mama Shuka. Kazi yake ilikuwa mashine ya pasi namba nne. Unatandaza shuka kwenye meza ya moto, unanyoosha mkono wa kulia juu ya kichwa, unashika mpini wa chuma, unauvuta kwa nguvu mpaka kifuniko kilale juu ya shuka. Unahesabu hadi sita, unauachia mpini upande, unakunja shuka, unatandaza jingine. Kutwa nzima, siku sita kwa wiki. Akirudi nyumbani alikuwa ananukia sabuni na mvuke, na mimi nilikuwa nikimtania kwamba kaka yangu ameoa mto wa hospitali.

Na kweli alikuwa amejikaza kisabuni miezi yote hiyo. Nilipoanza kuunganisha mambo, niliona haya kwa kutoyagundua mapema. Makopo ya chumvi na sukari yalikuwa yamehama kutoka rafu ya juu hadi ya chini. Kamba ya kuanikia nguo ilikuwa imeshushwa mpaka watu warefu walikuwa wanaiinamia. Yeye mwenyewe alikuwa ameacha kufunga kilemba.

Kaka yangu ni fundi bomba, mtu wa maneno machache na mikono mikubwa. Nilimweleza jioni ileile. Kesho yake hakwenda kazini, akatuambia tuvae, tukaenda hospitali wote watatu.

Daktari alikuwa dada mdogo tu, wa umri wa kuwa binti yetu, lakini mwenye subira. Akamuuliza wifi anafanya kazi gani.

"Napiga pasi."

"Nyumbani?"

"Kiwandani. Hivi." Akataka kuonyesha, mkono ukafika usawa wa kifua ukagoma. Ikabidi aonyeshe kwa mkono wa kushoto: juu, shika, vuta, subiri, achia.

Daktari alimtazama akirudia mara tatu nne, akaandika kitu. Walipompiga picha ya bega, akatuita akatuonyesha kwenye kioo. Sisi tuliona mawingu tu. Yeye aliona kano zinazoshikilia bega zimesuguana miaka mingi, na moja imechanika nusu.

"Mama, hujalilalia vibaya," akasema. "Bega hili limechakazwa na kazi. Utapumzika, utafanya mazoezi, na utadai fidia. Nitakuandikia ripoti."

Njiani kurudi, wifi alikuwa mnyonge. Bega halikumsumbua kama lile neno fidia. "Nitaonekana mtafuta vya bure," akasema. "Kiwanda chenyewe kimetulisha miaka yote."

Kaka yangu ndipo akasema maneno yake ya siku hiyo. "Kimetulisha kwa sababu umekifanyia kazi. Hakikutupa zawadi."

Basi nyumba ikabadilika taratibu. Mimi nilifumua magauni yake yote yenye zipu mgongoni, nikayapasua mbele na kuyatia vifungo. Kaka akachukua kazi ya nywele. Mwanzoni wifi alitaka aende saluni, lakini kaka alisema kama anaweza kuunganisha bomba mahali asipopaona, hashindwi na kichwa anachokiona. Jumapili moja alimkalisha mkewe kwenye kigoda, yeye juu ya kiti, kitana mdomoni, akaanza. Ilimchukua tangu asubuhi hadi mchana. Mstari wa kwanza ulianza vizuri kwenye paji la uso, ukafika utosini ukakata kona.

"Vipi?" wifi akaniuliza, maana yeye hakuweza kujiona nyuma.

"Maji yatapita," nikamjibu. Kaka yangu akacheka mpaka kitana kikamdondoka.

Suala la fomu ndilo lililotutoa jasho. Msimamizi wa kiwanda, mzee mmoja mwembamba anayetembea na kalamu mbili sikioni, alimpa wifi fomu huku akitazama pembeni, kama mtu anayekupa kitu cha magendo. "Mama Shuka, mimi sina neno na wewe," akasema. "Lakini makao makuu hawapendi karatasi hizi."

Tukaijaza jikoni. Swali la sita liliuliza: tarehe na saa ya ajali.

"Niandike nini?" wifi akasema. "Hakuna siku niliyoumia. Niliumia kidogokidogo."

"Andika Jumatatu," kaka akashauri. "Jumatatu huwa mbaya."

Tukaiacha wazi. Dirishani kwenye ofisi ya fidia, mama mmoja mwenye miwani akairudisha: bila tarehe, kompyuta haipokei. Wifi akarudi nyumbani. Wiki iliyofuata nilienda naye mimi, na mimi si mtu wa kuambiwa nenda nikaenda. Nikamuuliza yule mama, mtu aliyechakaa kwa miaka kumi na tisa anachagua tarehe gani. Akatutazama, akafungua droo ya chini, akatoa fomu nyingine ya rangi ya kijani, ya magonjwa yanayotokana na kazi. Ilikuwepo siku zote. Hakuna aliyekuwa ameiulizia muda mrefu, ndiyo maana ilikuwa humo drooni, chini ya kikombe chake cha chai.

Tukangoja. Baada ya miezi miwili na siku kadhaa barua ikaja. Nilikuwa barazani, nikamwona wifi akiisoma amesimama mlangoni, kisha akaikunja vizuri kama shuka, pembe kwa pembe, akaiweka juu ya cherehani yangu, akaingia ndani.

Dai limekataliwa. Hali ya bega la mdai, barua ilisema, inalingana na mabadiliko ya kawaida ya umri. Ana siku thelathini za kukata rufaa.

Kwa siku mbili wifi hakutaniana na mtu. Kaka alisuka nywele akazifumua akazisuka tena, alimradi tu awe karibu naye. Siku ya tatu nikamwita barazani nimpime blauzi, si kwa sababu alihitaji blauzi. Mtu akisimama kupimwa huwa hana pa kukimbilia. Nikampima kifua, kiuno. Nikamwambia ainue mikono nipime kwapa. Wa kulia ukabaki palepale pake usawa wa kifua. Wa kushoto ukapanda bila shida hadi ukagusa boriti ya baraza.

Nikasimama na utepe mkononi.

"Wifi," nikasema, "hili bega la kushoto lilizaliwa lini?"

"Wewe naye. Siku moja na la kulia."

"Una uhakika?"

"Labda mama yangu alinificha kitu." Nilimwona usoni jinsi lilivyomwingia. Akaushusha mkono wa kushoto, akaupandisha tena, akautazama kama mgeni aliyeingia bila kubisha hodi. "Kwa nini hili halijazeeka?"

"Ndiyo nakuuliza."

Jioni hiyo tuliandika rufaa, na wifi alikuwa amerudi kuwa wifi. Alikuwa akizungukazunguka jikoni akiongea peke yake, na katikati ya maongezi hayo akakumbuka jambo jingine. Mashine zote za pale kiwandani zina mpini upande wa kulia, isipokuwa namba tisa. Namba tisa ilinunuliwa ikiwa imetumika, kutoka kwa mtengenezaji mwingine, na mpini wake uko kushoto. Aliyekuwa akiiendesha kwa miaka kumi na mitano ni mwanamke waliyemwita Bi Redio, kwa sababu hazimiki. Aliacha kazi miaka mitatu iliyopita, akafungua duka la ndoo na mabeseni.

"Sijui kwa nini aliacha," wifi akasema. "Alituambia amechoka."

Tukamfuata kesho yake. Duka lake ukiliona tu unajua kuna jambo. Bidhaa zote zilikuwa chini. Ndoo chini, mabeseni chini, rafu za juu tupu kabisa zimeshika vumbi. Wifi hakungoja hata salamu ziishe.

"Bi Redio, inua mkono wa kushoto."

Bi Redio akamtazama, kwa mara ya kwanza akakosa la kusema. Kisha akauinua. Ukafika usawa wa kifua.

"Nilidhani ni baridi," akasema.

Yaliyofuata sitayaeleza yote, maana alifunguka, na akifunguka Bi Redio unatafuta kiti. Kwa kifupi, alikubali kuja kutoa ushahidi, na wifi akamchukulia naye fomu ya kijani.

Jopo la rufaa lilikaa kwenye chumba kidogo ghorofa ya pili, chenye meza ndefu na feni iliyokuwa ikizunguka kwa kusuasua. Walikuwa watatu: mwenyekiti, mwanamke mtu mzima mwenye sauti ya upole na macho yasiyo na masihara, daktari mmoja wa makamo, na bwana mmoja mnene aliyekuwa akiandika kila kitu. Upande wa pili alikaa mwakilishi wa mwajiri, kijana wa suti ya bluu, faili lake limepangwa kwa vibandiko vya rangi. Sisi tulikaa nyuma. Wifi alikuwa amevaa gauni nililolitia vifungo, na kichwani mistari ya kaka yangu, ambayo siku hiyo alikuwa ameipania tangu juzi yake.

Kijana alianza. Alisema kwa adabu kabisa kwamba mdai ana umri wa kutosha kupata matatizo ya viungo, na kwamba nyumbani pia kuna kazi zinazochosha mabega. Akatoa mfano. "Mheshimiwa mwenyekiti, mdai amekuja hapa akiwa na nywele zilizosukwa. Kusuka kunahitaji kuinua mikono yote miwili."

Kaka yangu akasimama. Hakuwa ameitwa, lakini akasimama.

"Hizo nimesuka mimi," akasema.

Mwenyekiti akamtazama, akaitazama mikono yake, akamwomba wifi ageuke nyuma. Wifi akageuka. Mwenyekiti akavaa miwani, akainama mbele, akaangalia kwa muda.

"Iandikwe," akamwambia yule bwana mnene, "kwamba jopo linaridhika kuwa nywele hizi hazikusukwa na msusi."

Hata kijana wa suti alishindwa kujizuia kucheka. Kaka akakaa chini huku ameinua kidevu kama mtu aliyesifiwa.

Kisha mwenyekiti akamuuliza wifi kama ana la kusema. Nilijua alikuwa na karatasi mkononi, tuliiandika pamoja, lakini hakuifungua.

"Ninalo moja, mheshimiwa. Barua inasema bega langu limezeeka. Sikatai, nimezaliwa zamani kidogo. Lakini mabega nilizaliwa nayo mawili. Yamekula chakula kimoja, yamelala kitanda kimoja, yamebeba watoto walewale. La kushoto hili hapa." Akauinua mkono wa kushoto mpaka juu, akauacha huko wauone. "La kulia ndilo lililokwenda kazini. Hili lilikuwa linalisindikiza tu."

Daktari wa jopo akaweka kalamu chini, akaja kumpima mwenyewe, bega kwa bega.

Kijana hakuwa mjinga. Akasema watu wengi hutumia zaidi mkono wa kulia, hata nyumbani, kwa hiyo bega la kulia kuchoka kwanza si ajabu.

"Ndiyo maana nimekuja na mwenzangu," wifi akajibu.

Bi Redio akaja mbele. Alieleza mashine namba tisa, mpini wake wa kushoto, miaka yake kumi na mitano. Akauinua mkono mmoja ukapanda, akauinua mwingine ukagoma. Mabega yake yalikuwa kinyume kabisa cha ya wifi.

"Wewe ni wa mkono wa kushoto?" mwenyekiti akamuuliza.

"Mimi? Naandika kwa kulia, nakula kwa kulia, mume wangu wa kwanza nilimfukuza kwa kulia. Mkono wa kushoto sikuwahi kuutumia kwa lolote mpaka nilipopewa ile mashine. Na ile mashine, mheshimiwa, siku ya kwanza nilipoiona nilimwambia msimamizi, nikamwambia—"

"Inatosha, mama. Asante."

"Nilikuwa bado kwenye siku ya kwanza."

"Tumekuelewa vizuri sana."

Mwenyekiti akamgeukia kijana. Akamuuliza kama amewahi kuiona mashine namba nne. Kijana akafungua faili, akalifunga. Akasema hapana, hajawahi kufika kiwandani, yeye hukaa makao makuu. Nilimpenda kidogo kwa kutodanganya.

"Basi twende tukaione," mwenyekiti akasema. "Sote."

Huko mimi sikwenda, wifi ndiye aliyenisimulia, na wifi hana tabia ya kutia chumvi zaidi ya kiasi. Walikwenda Alhamisi. Mwenyekiti alivua koti lake, akampa msimamizi alishike, akasimama mbele ya namba nne, akaomba apewe mashuka. Wifi akasimama pembeni kumwelekeza. Shuka la kwanza, la pili, la tano. Wanawake wa mashine nyingine wakaacha kazi wakatazama. Kwenye la kumi na mbili jasho lilikuwa linamtiririka. Kwenye la ishirini alianza kuuvuta mpini kwa mikono yote miwili. Kwenye la ishirini na sita akaomba kiti.

"Kwa siku unafanya mangapi?" akamuuliza wifi akiwa ameketi, anajipepea kwa foronya.

"Siku ya kawaida, mia tano na kitu."

Mwenyekiti akaiweka foronya chini. Akamtazama kijana wa suti. Kijana akavua koti naye, bila kuambiwa. Yeye alifika thelathini na moja, na wanawake wakampigia makofi.

Uamuzi ulitoka wiki tatu baadaye. Wifi hakutaka kuufungua, akampa kaka. Kaka akasoma polepole kwa sauti yake ya kufundishia wanagenzi: dai limekubaliwa, bega limeumizwa na kazi, matibabu yote juu ya mwajiri, mshahara wa miezi aliyokaa nyumbani ulipwe, na fidia ya mkupuo kwa uwezo uliopotea. Na kiwanda kikapewa miezi sita kuondoa mipini ya juu na kuweka ya kukanyaga kwa mguu. Wifi alikaa kwenye kigoda, akajifunika uso kwa upande wa khanga, na mabega yote mawili yakawa yanatikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka.

"Mia tano na kitu," akasema. "Na yeye aliomba kiti kwenye la ishirini na sita."

Bega halikurudi lote. Mtaalamu wa mazoezi alimfundisha kutembeza vidole ukutani kama buibui, kila siku juu kidogo, na baada ya miezi mitano mkono ulikuwa unafika usawa wa sikio. Zaidi ya hapo, daktari alisema, tusitarajie sana. Wifi alisema usawa wa sikio unamtosha, atasikia akiitwa. Alirudi kazini, safari hii kwenye ukaguzi. Anakaa, anapitisha mashuka mbele ya taa, anatafuta matundu. Dai la Bi Redio nalo lilipita, ingawa nasikia kikao chake kilichukua siku mbili.

Siku hizi Jumamosi baraza langu halitoshi. Wanawake wa kiwandani wanakuja, wengine na viwiko, wengine na vifundo vya mikono, mmoja na goti, na wifi anawakalisha upande wa pili wa cherehani, anawajazia fomu za kijani. Mimi nashona, nasikiliza. Wiki iliyopita tulikuwa tunakaribia kufunga, akaingia mwanamume mwembamba, amevuta kofia mpaka kwenye nyusi. Ilibidi aivue ndipo nikaona kalamu mbili sikioni.

Msimamizi alisalimia, akaulizia hali ya kaka, akasifu kitambaa nilichokuwa nakikata. Akazunguka weee, mwishowe akamwinamia wifi.

"Mama Shuka," akasema kwa sauti ya chini, "hivi mgongo nao unahesabika?"

Wifi akamvutia kiti, akachukua fomu mpya, akanipigia jicho.

"Kaa taratibu, mzee wangu," akamwambia. "Tuanze na jina lako kamili, lile la kwenye kitambulisho."